Alama za Mfuko wa Nzigire

Mfuko niliukuta chini ya benchi hapa Buffalo, harusi ilipokwisha: ule mweupe wa plastiki wenye herufi za buluu, tuliopewa wakimbizi sote siku ya kupanda ndege kuja Amerika. Ndani zilikuwa karatasi zote za Nzigire, na barua ya kumwita kwenye mtihani wa uraia huko Louisville anakoishi, Ijumaa iliyofuata. Nilicheka peke yangu. Niliona Mungu ananipenda.

Nzigire ndiye aliyenichafua tulipokuwa Whitehall, kule Columbus, mwaka 2013. Alitangaza kanisani kwamba Teta si mwanangu, kwamba nilimwokota kambini ili tupandishwe ndege haraka. Wakanitoa kwenye kwaya. Nilihamia Buffalo, maneno yakanitangulia. Tangu hapo hakuna aliyeniita Mama Teta. Nikawa Rakeli tu, kama mwanamke asiye na mtoto.

Jumatatu nilimwambia Mzee Lazar, Myahudi ninayemwogesha kila asubuhi, kwamba ule mfuko nitauchoma. Akakataa, sabuni masikioni. Sheria yao, alisema, inataka hata punda wa adui aliyepotea arudishwe. Nikamwambia Nzigire si punda, ingawa anafanana.

"Rudisha," alisema. "Lakini usimpe mtu kwa kudai tu. Tangaza kwamba kitu kimepatikana, mwenyewe ataje alama zake. Na alama iliyo kwa kila mtu si alama."

Hapo akanipendeza. Nilituma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la waliokuja harusini: mfuko umepatikana, mwenyewe aje dukani kwa Kabanyana, Grant Street, Jumatano saa tisa mchana. Saa hiyo wanawake wa kanisa hujaa pale kununua sombe, kisamvu cha kwetu. Sikuichagua kwa bahati mbaya.

Nzigire aliendesha gari kwa muda wa saa nane kutoka Louisville. Alinikuta nyuma ya meza.

"Ule mufuko iko yangu," alisema.

"Taja alama."

"Iko mweupe. Iko na maandishi ya bleu."

Wanawake wakaangua kicheko. Kila mmoja wao anao kama huo chini ya kitanda.

"Bon, tarehe yangu ya kuzaliwa iko ndani. Tarehe moja ya janvier."

"Hata mimi," alisema Kabanyana. "Hata bwana yangu."

Sote tuliandikiwa Januari mosi kambini, maana hatukujua siku zetu. Nilifurahi, sitasema uongo.

Alifikiri sana. "Donc, kuko foto ya mama yangu," alisema polepole. "Imepasuka kwa shingo. Niliishona na uzi."

Hiyo ilikuwa alama; picha niliiona ndani. Nilimpa mfuko bila sharti lolote. Akaukumbatia, akageuka atoke.

"Ngoja," nikamwambia. "Wewe nawe ulibeba kitu yangu kule Whitehall. Alama zake ninazo. Teta nilimuzaa Minembwe, kule Congo, mvua ikinyesha. Goti la kushoto iko na kovu, uji ilimumwangikia. Iko na miaka kumi na tisa, na mpaka leo analala na taa. Ile jina uliibeba, urudishe."

Kabanyana alikuwa amesimama mlangoni, na ni mwanamke mnene. Hakusogea.

"Nilisema bongo, haikuwa kweli," Nzigire alinong'ona, macho chini. "Unisamehe, Mama Teta."

"Sema kwa nguvu," nikamwambia. "Wale wenye wako kwa friji ya samaki hawakusikia."