Mwenye Koti Hajafa

Kila Jumapili, baada ya kula, Fundi Koti alikwenda kwenye duka lake la ushonaji, akafungua mlango, akaingia na kujifungia kwa ndani. Siku hiyo hapakuwa na kazi. Alikuwa akienda kuwasha deki ya zamani ya kanda za video juu ya rafu ya vitambaa na kutazama sinema ile ile.

Ilikuwa sinema ya kauboi. Jangwa, farasi, mji wenye mtaa mmoja na watu wasiooga. Kauboi wawili wanasakana tangu mwanzo, na kwa nini wanasakana Fundi Koti hakuwahi kujua sawasawa, maana lugha yao ilimpiga chenga. Hasira zao alizielewa vizuri bila mkalimani.

Zamani duka lile lilikuwa na mafundi wawili. Yeye alishona makoti tu, mwenzake suruali tu, na hata majina waliyopewa na wazazi wao watu walishayasahau. Ukitaka suti ulipimwa mara mbili. Fundi Koti anakupima mabega, Fundi Suruali anakupima kiuno, wanabishana na kutaniana, na wewe umesimama katikati umeinua mikono juu kama aliyevamiwa na majambazi.

Hata kauboi waliwagawana hivyo hivyo. Wa kwanza alivaa koti refu la kufika vifundoni, amelifunga vifungo mpaka shingoni kwenye jua lile la kukaanga. Huyo akawa wa Fundi Koti. Wa pili alivaa suruali ya ngozi yenye vifungo vya shaba ubavuni, na Fundi Suruali alipomtia machoni tu akasema, "Huyu wangu. Mwenye suruali kama hii hafi ovyo ovyo."

Taabu ilikuwa mwisho. Kauboi wanasimama mbele ya kisima, upepo unapuliza vumbi, mikono inashuka taratibu kiunoni, jicho kwa jicho, na hapo bibi harusi anakata keki. Kanda ilikuwa ya shemeji yake Fundi Suruali. Siku ya harusi yake alikosa kanda tupu, akarekodi juu ya hii, na kilichosalia cha sinema kikaliwa na keki. Kwa hiyo nani alimuua nani, pale dukani hakuna aliyejua. Wakawekeana sharti: siku ukweli ukijulikana, atakayeshindwa atamshonea mwenzake nguo ambayo si ya fani yake mwenyewe. Kwa watu wale hiyo ilikuwa aibu nzito kuliko kulala rumande.

Jambo jingine lililomnyima Fundi Koti raha lilikuwa bitana, kile kitambaa cha ndani ya koti. Katika kanda nzima lile koti halifunguki hata mara moja, na yeye hakuweza kulisifu koti ambalo hajaliona ndani. Aliapa kwamba bitana yake ni nyeusi. Mwenzake alimjibu kuwa halina bitana kabisa, limeshonwa na mvivu kama yeye.

Kisha miguu ya Fundi Suruali ikaanza kuvimba. Cherehani ya kukanyaga ikamshinda, na binti yake akaja kumchukua akakae naye, mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Cherehani yake ikafunikwa shuka. Wateja wa suti waliambiwa, "Hapa sasa ni koti tu," wakashukuru kwa adabu na kwenda kwingine.

Mke wa Fundi Koti alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na watoto walikuwa na hamsini zao. Alikuwa mpweke, na sioni sababu ya kulipamba neno hilo. Jumapili alikivuta kiti cha mwenzake karibu na televisheni, akakipangusa, kisha akatazama sinema pembeni yake kama mtu mwenye mgeni mkimya.

Saa kumi simu ililia. Hiyo ndiyo ilikuwa wiki yake nzima.

"Umekubali?" Fundi Suruali aliuliza, bila hata salamu.

"Nikubali nini?"

"Kwamba wako kafa."

"Thubutu!"

Basi ugomvi ukawaka mpaka binti alipokuja na dawa za baba yake. Hawakuulizana hali. Kuulizana hali hawakukuweza, hata siku ya msiba wa mke wa Fundi Koti mwenzake alimkalia kando kimya, akamshonea kifungo kilichokuwa kinaning'inia kwenye shati, basi.

Siku moja mpwa wa Fundi Koti, muuza simu, alipita dukani akiwa na flashi mkononi.

"Shikamoo, mjomba. Ile sinema yako nimeipata. Nzima, na mwisho wake upo!"

"Marahaba, mwanangu. Ahsante sana," akasema Fundi Koti. Mpwa akaichomeka kwenye televisheni, akamwonyesha pa kubonyeza, akaondoka akiwa na furaha ya mtu aliyetenda jema.

Fundi Koti aliichomoa akaitumbukiza kwenye kopo la vifungo. Hofu yake ilikuwa hii: wakishajua nani alikufa, wataongea nini? Miguu? Dawa? Simu itakuwa fupi, halafu ya mara moja moja, halafu ya sikukuu. Alikwisha kuyaona hayo kwa wanawe mwenyewe, na hakutaka kuyaona tena.

Lakini bitana ilimwasha. Jumapili moja alishindwa kujizuia, akaichomeka.

Kisima kikaja, na vumbi, na mikono kiunoni. Safari hii keki haikutokea. Bunduki zililia pamoja, na mwenye koti akapiga magoti, akaanguka chali. Vifungo vikaachia, koti likafunguka. Bitana ilikuwa nyekundu, hariri tupu, imeshonwa kwa mkono. Fundi Koti alisimamisha picha hapo, akasogea mpaka pua ikagusa kioo. Machozi yakamlenga, mzee mzima, kwa ajili ya kauboi.

Simu ikalia.

"Umekubali?"

Fundi Koti aliitazama ile picha iliyosimama. Alikuwa mtu wa kuita mteja arudi kwa sababu ya kifungo kimoja kilichokaa upande, na uongo haukuwa kazi yake.

"Nikubali nini? Wako kafa kama inzi."

Fundi Suruali alicheka mpaka akakohoa. "Mbishi wewe! Nani atamwogopa mtu aliyevaa koti lile? Bitana nyekundu kama pazia la..."

Akakatika ghafla.

"Halo?" akasema Fundi Koti.

"Nipo. Nyeusi, nimesema. Si wewe husema nyeusi?"

"Ndiyo. Nyeusi."

"Haya. Jumapili basi."

"Jumapili."

Akaiweka simu chini polepole. Kwenye kanda bitana haionekani. Mwenzake alikuwa ameuona mwisho, tangu lini Mungu ndiye ajuaye. Fundi Suruali, mtu ambaye akikushinda karata mtaa mzima hupata habari, alijua ameshinda, na bado kila Jumapili alipiga simu kuuliza kama mtu asiyejua.

Kesho yake Fundi Koti aliliondoa shuka juu ya ile cherehani. Kiuno cha mwenzake alikijua bila tepu. Alikata, akakosea, akafumua, akajitukana. Hiyo ilikuwa suruali yake ya kwanza tangu awe fundi, lakini sharti ni sharti. Mifuko aliitia bitana nyekundu. Akaifunga kwenye gazeti, akampa kondakta wa basi, hakuandika neno.

Jumapili saa kumi simu haikulia. Fundi Koti aliitazama, akaigeuza, akaitikisa. Aliona ameharibu mwenyewe, kwa mikono yake, kitu pekee alichobakiwa nacho. Sinema hakuiwasha. Alikaa kando ya kiti kitupu akisikia watu wakipita nje na watoto wao.

Jua lilipokuwa linazama, ikalia.

"Suruali imefika," alisema Fundi Suruali. "Mguu wa kushoto umepinda. Na hiyo zipu umeshona kama gunia la mkaa."

"Sijazoea."

"Mifuko nimeiona."

Huko upande wa pili mwenzake alikohoa, akapenga kamasi, akakohoa tena. Kwa mbali binti aliuliza kama baba analia, akaambiwa ashughulike na chakula chake.

"Sasa," sauti ikasema, ndogo, yenye woga ambao Fundi Koti hakuwahi kuusikia. "Umekubali?"

Fundi Koti alikiangalia kile kiti.

"Nikubali nini?" akasema. "Mwenye koti hajafa."

"Thubutu!" akafoka mwenzake, na ugomvi ukaanza upya.