Gauni Lililotufungia Ndani

Mimi nimeanza kushona nikiwa mfupi kuliko meza ya kukatia, na sikuwahi kujishonea ndani ya nguo hadi siku ile.

Nchi yetu, kwa mara ya kwanza, ilikuwa imepewa chumba chake kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya mataifa. Kazi iliyowekwa humo ilikuwa ya mdogo wangu, ambaye nyumbani tunamwita Redio kwa sababu haongei. Alibuni gauni kubwa la kuning'inia kutoka darini mpaka sakafuni, watu waingie ndani yake kama wanaingia sebuleni. Kulishona nilishona mimi, kwa nguo ambazo wateja wa marehemu mama yetu walizileta kwenye kibanda chake cha cherehani na hawakuzifuata tena.

Shida ilikuwa Mkuu wa Msafara. Huyu bwana kila akiona kamera, gauni linakuwa lake. "Wazo hili lilinijia usingizini," anasema, huku Redio amesimama pembeni anameza mate. Asubuhi ya ufunguzi nikamwambia, "Mdogo wangu, ukinyamaza leo mbele ya wageni, gauni limekwenda. Litaitwa la yule mpaka tunakufa." Akainama kufunga kamba za viatu ambazo tayari zilikuwa zimefungwa. Nilitamani kumzaba kofi na kumkumbatia, vyote kwa mpigo.

Muda mfupi kabla ya wageni tuliingia ndani ya gauni: mimi, yeye, na fundi umeme aliyekuwa anabadilisha balbu. Mlango wa gauni ni mpasuo ubavuni, na juu ya mpasuo huo nikaona uzi umeanza kuachia. Mshono mimi naufungia kwa ndani, nje pabaki safi. Ndivyo mama alivyotufundisha. Basi nikaanza kushona. Fundi umeme naye akaanza kutusimulia jinsi mama mkwe wake alivyomkuta jikoni amechutama, anadokoa nyama sufuriani, tukacheka mpaka ngazi ikayumba. Mkono ukaenda wenyewe. Kuja kushtuka, nimefika sakafuni, mpasuo wote nimeuziba, na fundo nimepiga.

"Mkasi uko wapi?" akauliza fundi umeme.

Ulikuwa dirishani, nje ya gauni. Pindo nalo lilipigiliwa misumari kwenye fremu ya mbao duara zima, kwa hiyo chini hapapitiki. Ningeweza kuufumua ule uzi taratibu, lakini tayari viatu vilikuwa vinalia sakafuni. Wageni hao. Fundi umeme akajiziba mdomo kwa kofia. Mimi kicheko kilinibana hadi mbavu zikauma.

Mkuu akaanza hotuba, mkalimani akimfuata nyuma. "Gauni hili nililibuni mwenyewe, kama ishara ya umoja wetu."

"Si kweli," ikasema sauti ubavuni pangu.

Nilidhani ni fundi umeme. Kumbe ni Redio, amefumba macho, paji la uso limegusa kitambaa. Mkalimani, kwa kuwa kazi ni kazi, akatafsiri.

"Nani huyo?" akauliza Mkuu. Ikatafsiriwa.

"Aliyelibuni." Ikatafsiriwa.

"Hebu toka humo." Ikatafsiriwa.

"Siwezi. Dada ametushonea ndani."

Hapo mkalimani alisita, maskini, kisha akatafsiri, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Fundi umeme alikaa chini kabisa. Mimi nilicheka kwa aibu na kwa raha, hata sijui kipi kilizidi.

Nikajua ataishia hapo. Wapi! Akaendelea. Akawaambia hizi ni nguo za watu ambao hawakurudi. Mama alikataa kuziuza hata siku tulizolala njaa. Alizipiga pasi, akazitundika upya, akasema mwenyewe akija asikute nguo yake imekunjamana. Lile shati la bluu begani ni la kijana aliyekuwa anakwenda kuoa. Mkuu akataka kuingilia, mgeni mmoja akamwambia maneno mawili, na wala sikuhitaji mkalimani kujua kwamba ameambiwa anyamaze.

Halafu mwanamke mmoja, kwa sauti mtu mzima, akauliza jambo. "Anauliza kama yuko aliyewahi kurudi," akasema mkalimani.

Redio akafumbua macho, akanitazama. Nikaogopa betri zimemwishia.

"Hakuna," akasema. "Ila mama akisikia nyayo nje, alikuwa anasimama."

Huko nje mtu akapenga kamasi. Mimi pia machozi yalikuwa yananitoka, na bado nilikuwa nacheka, kichaa mtupu. Redio akanigeukia, jasho linamchuruzika.

"Dada, fumua. Nataka kuwaona."

Nikalikata fundo kwa meno, nikavuta uzi mpaka mpasuo ukafunguka. Alitoka mwenyewe, sikumsukuma.