Msalaba Uliomkaa Asumini

Ibada ya Jumapili ilipokwisha, Milembe alimsubiri katekista nje ya kigango chao, huko Mwamapalala, mpaka alipomaliza kufunga madirisha. Katekista Januarius alimsikiliza akiwa ameshika usukani wa baiskeli, mguu mmoja tayari juu ya pedali. Shauri lenyewe alilijua. Tangu Sylvester, mume wa Milembe, afariki, shemeji yake Mayala alikuwa ameingiza maksai kwenye shamba la marehemu na kupanda pamba yake mwenyewe. Milembe alibakiwa na nyumba na matuta machache ya viazi.

"Wewe anakuheshimu, katekista. Zungumza naye."

Januarius alitazama mchanga na matofali yaliyorundikwa pembeni ya kanisa. Vyote vililetwa na mkokoteni wa Mayala.

"Huo ndio msalaba wako, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Ubebe, umfuate Bwana."

Kisha akapanda baiskeli.

Kesho yake Milembe aliamka nao begani. Ulikuwa wa mti wa mgunga, haukurandwa, na upande mmoja ulikuwa bado na miiba. Alijaribu kuushusha, haukushuka. Alitoka ndani kinyumenyume, akakwangua kizingiti. Jirani yake Nyanjige alikuwa anaanika michembe, viazi vitamu alivyovikatakata, kwenye mkeka.

"Mwangaluka, mayu," Milembe alimsalimu.

"Mwangaluka. Kumbe umeshaupata."

"Nimeupata."

"Basi zungukia kule. Utanikanyagia michembe."

Januarius alikuja kuukagua. Aliugonga kwa kidole, akauzunguka, akasema ni wake kabisa kwa jinsi ulivyomkaa. Baadaye aliwaleta wanafunzi wa kipaimara, akawafundishia hapo hapo uani, Milembe akiwa ameinama katikati yao. Akawaonya akina mama wa jumuiya wasithubutu kumsaidia. Kila mtu na wake.

"Na wa Mayala uko wapi?" Milembe aliuliza.

"Mayala ana ng'ombe wa kuangalia."

Alitaka kumjibu huku akimtazama machoni, lakini shingo haikuinuka. Alichoona ni viatu tu.

Chumvi ilipomwishia, alikwenda dukani kwa Asumini, pale senta. Asumini hakuwa mtu wa maneno matamu. Alikuwa mjane pia, Mwislamu, na duka aliliendesha na kaka yake Saidi. Milembe alipoingia, mkia wa msalaba ulibaki umelala mlangoni. Wateja waliuruka. Mmoja alijikwaa, akatukana, akaondoka bila kununua kitu.

"Wewe mama, huo mti umeniziba mlango."

"Siwezi kuugeuza."

Asumini alisonya, akatoka nyuma ya meza, akauinua ule mkia na kujitwika begani ili ausogeze. Ukamkaa. Milembe alihisi mgongo wake ukinyooka kidogo kidogo, mpaka wakatazamana.

"Kumbe una kovu kwenye paji," Asumini alisema. "Unakuja hapa kila siku, sijawahi kukutazama uso."

"Sasa umeuona. Utue."

Asumini alijaribu kuutua. Goti la Milembe likapiga sakafu. Asumini akaunyanyua tena haraka, akamwita Saidi akae dukani.

"Tunakwenda wapi?" alimuuliza Milembe.

Milembe hakuwa amepanga kwenda popote. "Shambani kwangu," alisema.

Mayala alikuwa anapalilia na vibarua wake. Aliwaona wakija, akaweka jembe begani.

"Mnanikanyagia pamba."

"Shemeji, pokea," Milembe alisema. "Huu umeufanya wewe."

Wakauinua wote wawili, wakamtwika. Msalaba ukapita begani mwake kama moshi upitavyo kwenye nyasi za paa, ukawarudia mikononi. Wakajaribu tena. Ukapita tena. Mayala alijipangusa shati.

"Mmeona wenyewe. Ungekuwa wangu, usingenigusa?"

"Mimi umenikaa," Asumini alisema.

"Wewe si Mkristo."

"Haukuniuliza."

Vibarua waliinamisha vichwa, wakaendelea kupalilia.

Halmashauri ya kigango iliwaita wote wawili. Shamba halikutajwa. Walichotaka kujua ni nani aliyemruhusu Asumini. Milembe alisimama. Kwa vile Asumini alikuwa nyuma yake, aliweza kuwatazama wote, mmoja mmoja.

"Hata Bwana alisaidiwa njiani," alisema.

"Simoni alilazimishwa na askari," Januarius alijibu. "Huyu kalazimishwa na nani?"

"Sijalazimishwa," Asumini alisema.

"Ndiyo shida yenyewe."

Mzee mmoja akasema mwanamke huyo anawaharibia watu mfano. Watu wakiona msalaba unabebwa na yeyote anayetaka, kesho nani atakubali kubaki na wa kwake? Wengine wakaitikia. Milembe akaambiwa asiingie tena kanisani mpaka aje nao peke yake. Alikuwa amebatizwa pale, na Sylvester aliagwa pale.

"Basi tutakaa nje," alisema.

Nyumbani, Saidi alimuuliza dada yake watu watasema nini.

"Watasema mti ulikuwa umeniziba mlango."

"Ungeutoa mlangoni ukalirudia duka lako."

"Nilimwona anavyoanguka, Saidi. Hilo siwezi kulirudisha."

Wateja wengine walihamia duka la jirani. Wengine walirudi, kwa sababu chumvi ya kule ilikuwa imelowa. Siku za mnada viongozi wa kijiji waliwaagiza wanawake hao wapite na mti wao pembezoni, kwa urefu, wasizuie bodaboda. Wakafanya hivyo. Waliuchuna miiba kwa kisu cha jikoni na kuukunjia kanga pale unapokaa begani. Kuhusu shamba, Milembe alikwenda kwenye baraza la kata, akaambiwa arudi na barua ya kanisa.

Jumapili ya shukrani ya mavuno kigango kilijaa. Milembe na Asumini walisimama uani, msalaba mabegani. Kutoka nje walisikia kila kitu, na Milembe aliimba nyimbo zote. Asumini alikuwa amezijua baadhi, lakini hakuimba.

Mayala alifika amechelewa, maksai wakivuta mkokoteni uliojaa magunia ya pamba, nyeupe, safi, iliyochambuliwa vizuri. Vigelegele vikapigwa. Januarius alitoka na kanzu yake kumpokea, akakuta njia haipitiki.

"Inueni kidogo," aliwaambia, "sadaka ipite."

Wakauinua kwa mikono miwili, juu ya vichwa vyao. Mkokoteni ukapita chini yake polepole, Mayala akiwa ameketi juu ya magunia na kofia mkononi.

"Ndiyo ya shambani kwako?" Asumini aliuliza.

"Ndiyo yenyewe."

Wakaushusha mabegani. Ndani, watu walikuwa wanapiga makofi.