Maji ya Kumwoshea Mama

Mji wa Selembe umekaa juu ya vilima vitatu, na mto Lihemba unapita chini yake kama mgeni asiyekaribishwa ndani. Zamani majitaka ya mji wote yalipitishwa kwenye mabwawa manne, yakatuama na kuchujwa humo, ndipo yakaachiwa kuufikia mto. Mtawala Kidamba alipoyafukia mabwawa hayo ili apate bustani ya waridi, majitaka yalishika njia fupi hadi mtoni. Watu walipolalamika hakuchimba bwawa jingine. Alitoa amri, ikachongwa kwenye jiwe kando ya mto: Lihemba ni safi. Aliyebisha alifungwa.

Desturi moja tu haikuguswa na amri zake. Maiti wa Selembe huoshwa kwa maji ya Lihemba, na mtungi wa kwanza huchotwa na mtu wa damu yake, kwa mkono wake mwenyewe.

Bi Namkunda amekuwa mwosha maiti kwa miaka thelathini. Mwaka huu ameosha watoto wengi waliokufa kwa kuhara, akiwemo mjukuu wake, Tunu. Siku aliyofariki Tunu alichutama mtoni, akasukuma uchafu kando kwa kiganja, akachota, akaenda kumwosha.

Kisha mama yake Kidamba akafariki. Asubuhi watumishi walileta mapipa ya maji ya chemchemi kutoka milimani. Bi Namkunda, aliyeitwa ikulu kumwosha marehemu, aliyatazama, akayasifu kwa kung'aa kwake, akaketi. Mshauri wa ikulu alimwambia aache ukaidi wa kizee. Akajibu kwa upole kwamba hana ukaidi, ana magoti mabovu tu, na anasubiri maji.

Kidamba akatoka mwenyewe, macho yamemvimba.

"Mama, nakuomba. Huyu ndiye aliyenizaa."

"Najua, mwanangu. Pole sana."

"Basi mwoshe."

"Nitamwosha. Nenda kachote."

"Maji yale?"

"Yana nini?"

Kidamba alichukua mtungi, akateremka kupitia waridi zake, akalipita jiwe bila kulitazama. Watu waliojipanga njiani hawakucheka. Walimpisha kimya kimya, kama apishwavyo mfiwa yeyote.

Jua lilipofika utosini, maiti alikuwa bado kitandani, na Kidamba bado amechutama ukingoni, mtungi mtupu mapajani, akisukuma uchafu kando kwa kiganja, na mto ukiurudisha.