Yuko Vladivostok

Dada yangu Agnia Kolobova hajawahi kumeza dawa ya kusisimua misuli. Naanza na hilo kwa sababu magazeti yalianza na kinyume chake. Amepimwa mara sitini na moja, mkojo na damu, mara nyingine alfajiri kabla hajapiga mswaki, na mara zote sitini na moja alikutwa safi. Aliponzwa na fomu, na bafu, na bibi yetu.

Sisemi sisi Warusi ni malaika. Mimi ni fundi wa ski, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji; kazi yangu kuzipaka nta ziteleze vizuri, na kwa misimu miwili nilimpakia nta mtu aliyekuwa akijidunga sindano chooni. Leo anafundisha watoto na anaamkiwa kwa heshima. Agnia ndiye watu wanamtazama kwa jicho la pembeni dukani.

Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Mchezo wake ni kukimbia kwa ski na kulenga shabaha kwa bunduki, na msimu ule ndipo alipoanza kuangusha shabaha zote tano bila kukosa, akitoka kwenye mlima na bunduki mgongoni, pumzi zikimpaa. Miezi minne tu ilibaki kufika Olimpiki, na jina lake lilikuwa la pili kwenye orodha ya kikosi.

Sheria yenyewe iko hivi. Mwanamichezo wa ngazi yake anaandika kwenye simu saa moja ya kila siku ambayo lazima akutwe mahali alipotaja. Wapimaji huja bila taarifa. Akikosekana mara tatu ndani ya mwaka, anafungiwa, hata damu yake iwe safi kama maji ya kisima.

Mara ya kwanza ndege yake ilizuiwa na dhoruba. Mara ya pili ilikuwa kazi ya kocha wetu, Rodion Pavlovich. Yeye alikuwa na daftari la nywila za timu nzima. "Nyie kimbieni, fomu niachieni mimi," ndivyo alivyosema miaka yote, na wote tulimwachia, maana kwetu kocha ni kama baba. Wiki hiyo timu ilihamishwa kambi; yeye akanakili fomu za wiki iliyopita. Wapimaji wakagonga mlango wa kambi tupu. Je, Rodion Pavlovich alifungiwa? Hata siku moja.

Mara ya tatu ilikuwa Jumamosi, nyumbani kwetu Sylvinka.

Jumamosi ni siku ya banya, bafu la mvuke, na ya kwetu ni kibanda cha magogo nyuma ya nyumba, hatua ishirini kutoka mlango wa jikoni. Mgongo ulikuwa unamuuma Agnia, kwa hiyo bibi aliwasha moto mapema. Saa aliyoiandika ilikuwa kumi na moja jioni hadi kumi na mbili, nyumbani. Na nyumbani alikuwepo. Alikuwa amelala juu ya benchi ndani ya mvuke, nami nampiga mgongoni kwa matawi ya mti wa mbetula, ndiyo tiba yetu ya maumivu. Simu hakuna anayeingia nayo humo.

Tulitoka saa kumi na mbili na nusu, wekundu kama kamba waliochemshwa. Bibi Kapitolina alikuwa mezani anamimina chai. Ana miaka tisini. Alikuwa anatabasamu.

"Wamekuja watu wawili wanakutafuta," akamwambia Agnia. "Mwanamke na mwanamume, wana mkoba umejaa makaratasi."

Agnia aliganda na taulo kichwani. "Ukawaambia nini, bibi?"

"Nikawaambia hayupo. Yuko Vladivostok!" Mji huo uko upande wa pili kabisa wa nchi, na alicheka hadi meno mawili yaliyobaki yakaonekana. "Ving'ang'anizi kweli! Wamekaa ndani ya gari pale getini saa nzima. Nikafunga pazia nikanywa chai yangu. Mwisho wakachoka wenyewe. Kaa ule, mjukuu wangu, viazi vinapoa."

Nilikimbia hadi barabarani na kandambili kwenye theluji. Nilikuta alama za matairi tu.

Saa nzima walikaa pale! Moshi wa banya ulikuwa unapanda mbele ya macho yao. Mtoto wa chekechea wa kijiji chetu angejua kuna mtu anaoga. Wao waliandika: hakupatikana.

Wakili wetu, Inna Markovna, alisema kuna tumaini moja. "Bibi aeleze mwenyewe mbele ya jopo la kusikiliza kesi."

"Bibi yangu hahojiwi na mtu," Agnia alisema.

"Nani kakuuliza wewe?" bibi akadakia kutoka jikoni. "Uongo ni wangu. Nitauelezea mimi."

Siku ya kusikilizwa alijifunga kitambaa chake cha kichwani cha Pasaka, akakaa mbele ya kompyuta jikoni, mikono juu ya meza. Upande wa pili walikuwa watu watatu wa jopo na mkalimani.

"Kwa nini ulisema hayupo?" mwenyekiti aliuliza.

"Walikuwa wawili, na walikuwa na karatasi."

"Hukuwauliza wanamtakia nini?"

"Mwanangu, nilikuwa na miaka sita," bibi alisema. Mkalimani alidhani hakusikia vizuri, akamwomba arudie. "Mwaka wa thelathini na saba. Walikuja wawili na karatasi, wakaulizia baba. Mama aliwajibu ukweli. Alisema yuko zizini. Wakamkuta zizini, wakamchukua, hakurudi tena."

Mimi na Agnia hatukuwahi kulisikia hilo. Tuliambiwa baba yake bibi alikufa kwa homa.

Mwenyekiti alimshukuru kwa upole mwingi. Kisha akafunga kikao.

Hukumu ilikuja baada ya wiki mbili, kurasa kumi na tisa. Miezi ishirini. Waliandika kwamba maelezo ya bibi ni ya kweli na ya kusikitisha, lakini yanathibitisha kuwa mwanamichezo hakuchukua hatua za kutosha kuwaelimisha watu wa nyumbani kwake. Kuwaelimisha! Mtoto wa miaka sita aliyaona yale kwa macho yake, nao wanataka Agnia amsomeshe semina!

Nilitupa karatasi zile chini. "Staafu," nikamwambia. "Waandikie leo hii, uwateme mate usoni."

Agnia alikuwa amekaa dirishani anabonyeza simu.

"Unafanya nini?"

"Najaza fomu."

"Fomu gani? Si wamekufungia?"

"Aliyefungiwa anaendelea kupimwa. Nikiacha kujaza, wanahesabu nimestaafu."

"Miezi ishirini uwaambie unalala wapi, na mashindano hawakupi hata moja? Huna aibu, Agnia?"

"Punguza sauti, bibi amelala." Hakuinua macho. "Wewe kasirika, Yefim, unajua kukasirika. Mimi nina kazi."

"Klabu wamechukua hata bunduki yako!"

"Watairudisha nikiwa na miaka thelathini na moja. Kaa chini, unanizibia mwanga."

Nilikaa. Sikuwa na la kumsaidia, na hasira zilikuwa hazijaniisha. Aliandika Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, nyumbani, Sylvinka. Kisha akafungua Jumanne.