Maji ya Uzinduzi

Mama mkwe wangu alikuwa akisema kwamba katika nchi nzima iliyokuwa ikilia kiu, ni yeye peke yake aliyekuwa anazama. Figo zake zilikuwa zimegoma. Kila alichokunywa kilibaki mwilini, kikashuka miguuni, kikapanda tumboni, mwisho kikaanza kubisha hodi kwenye mapafu. Mashine ya hospitali ndiyo iliyomkamua. Lakini mashine ile, kabla ya kumtoa mtu maji, ilitaka kwanza ipewe maji yake, mengi kuliko yanayotumiwa na nyumba nzima, yaliyochujwa na kuchujwa tena.

Nayaandika haya kwa sababu nimeanza kuisahau sauti yake.

Siku ile tulifika hospitali na kumkuta nesi amesimama mlangoni, glavu mkononi, hajazivaa.

"Mama, leo wameingia wa asubuhi tu," alisema. "Tangi letu limebaki na maji ya kutosha chooni tu. Bomba la mji halijatoa kitu."

"Na juzi mliniambia nije leo," mama mkwe alisema.

"Najua, mama."

"Basi niambie nije lini, maana gauni hili nimelipigia pasi kwa ajili yenu."

Nesi akacheka, akainama kumminya mguu. Alama ya kidole ikabaki pale kama kwenye unga uliokandwa. Kicheko kikamfutika usoni. Alinivuta pembeni akaniambia asirudi nyumbani, alazwe. Hospitali nyingine yenye mashine kama ile alishaipigia simu, nayo ilikuwa imefunga kwa shida hiyo hiyo.

"Kesho asikose," alisema. "Kesho, dada. Siyo keshokutwa."

Nilimpigia simu mume wangu. Yeye alikuwa dereva wa boza la idara ya maji, na mara nyingi ndiye aliyejaza tangi la hospitali ile. Lakini wiki hiyo maboza yote yalikuwa na amri moja: kujaza tangi jipya karibu na soko. Serikali ilikuwa imechimba kisima pale, ikajenga tangi refu la chuma, ikaweka koki inayong'aa na jiwe la maandishi lililofunikwa kwa pazia. Kesho yake mgeni rasmi angekuja kuzindua. Kasoro ilikuwa moja tu: kisima kilitoa tope, kisha kikatoa upepo. Fedha zilishaliwa na mwamba na mialiko ilishatumwa. Basi maji ya uzinduzi yakawa yanafuatwa mtoni, ili koki ikifunguliwa yatoke kana kwamba ni ya kisima.

"Pitisha safari moja hapa," nilimwomba.

"Boza lina lakiri," alijibu.

Tangu madereva fulani wakamatwe wakiuza maji njiani, koki ya kila boza ilifungwa waya wa lakiri kule mtoni, ikakaguliwa kule tangini. Ukikata waya, umekata kazi.

Kisha akauliza, "Mama anasemaje?"

"Anasema gauni lake limenyooka."

"Basi hali ni mbaya," alisema, na simu ikakatika.

Mchana boza lilisimama getini. Tulimwona mume wangu kupitia dirisha la wodi. Chini ya koki palikuwa na tone linalodondoka, na njiwa wawili walikuwa wakiligombea. Simu yangu ikalia, nikaiweka sauti kubwa kando ya mto wa mama mkwe.

"Mama, nakata huu waya."

"Halafu?"

"Liwalo na liwe."

"Litakuwa kwa nani? Wanao wale lakiri?" Alivuta pumzi katikati ya maneno, kama mtu anayepanda ngazi. "Kesho wakishapiga makofi watatuletea. Nesi kasema kesho nitakuwa bado nimewahi. Wewe tangu tumboni huna subira, ulitaka kutoka mwezi wa saba."

"Mama..."

"Nenda, baba. Peleka maji ya watu. Ukifukuzwa, nani atanijazia tangi wiki ijayo?"

Mume wangu alilaza kichwa kwenye usukani. Alikaa vile mpaka gari la nyuma likampigia honi. Kisha injini ikanguruma, njiwa wakaruka, na boza likaondoka. Mama mkwe alilifuata kwa macho hadi kona.

"Maji mengi yale," alisema polepole, kama mtu anayesifia mali ya jirani.

Nilivaa viatu nikaenda sokoni kwa miguu, kumtafuta msimamizi wa kazi. Madereva walimwita Bwana Presha kwa sababu hakuwa na habari nyingine ila presha ya maji. Nilimkuta chini ya tangi, macho kwenye geji. Pembeni watu walikuwa wakifunga mahema, na mmoja alikuwa akimwagilia kwa mpira nyasi zilizopandwa jana yake. Niliyatazama yale maji yakizama ardhini.

"Bwana, hospitali haina maji."

"Hospitali imo kwenye mpango, mama."

"Mgonjwa wangu hayumo kwenye mpango. Yumo kitandani."

Alijifuta jasho shingoni. "Unadhani mimi sikuzaliwa na mama? Mgeni rasmi akifungua koki ikakohoa hewa mbele ya kamera, mimi nimekwisha. Nivumilie. Kesho hotuba zikiisha tu, tunafungulia hospitali moja kwa moja."

"Mtafungulia kupitia wapi? Mabomba si yale yamelala barabarani?"

Nilikuwa nimeyapita njiani, yamepangwa kando ya mtaro, midomo yao imejaa vumbi.

"Yale ni ya awamu ya pili," alisema haraka. Kisha akageuka kuitazama barabara, kama mtu aliyefika safarini akakumbuka kwamba jiko aliliacha linawaka. "Mafundi watajua cha kufanya."

Nilirudi wodini nikiwa na maneno yale ya awamu ya pili. Sikumwambia mama mkwe. Kila aliposikia gari nje alikuwa akigeuza kichwa.

Asubuhi hakuweza tena kulala chali. Tulimkalisha kwa mito, midomo imegeuka rangi. Vipaza sauti vya sokoni vilisikika hadi wodini. Msemaji mmoja alishuka, mwingine akapanda, na kila mmoja alitukumbusha kwamba maji ni uhai.

"Waambie wafupishe," mama mkwe alisema. "Wengine uhai wetu ni mfupi."

Kisha pakatulia, halafu makofi na vigelegele vikalipuka. Koki ilikuwa imetoa. Alitabasamu macho yakiwa yamefumbwa.

"Yale ni maji ya mwanangu," alisema.

Nesi alikuwa ameshaandaa mirija. Alifungua bomba la ukutani, akangoja, akalifunga, akalifungua tena. Nilipiga simu.

"Hakuna bomba," mume wangu alisema, anahema. "Tangi zima limeunganishwa na koki moja tu, ile ya picha. Presha anataka tuyanyonye kwa juu, tuyarudishe kwenye boza."

"Basi nyonyeni!"

"Tunanyonya! Lakini magari ya wageni yameziba njia. Wanakula. Hakuna anayethubutu kwenda kumwambia mkubwa asogeze gari."

Nyuma yake nilimsikia Bwana Presha akipiga kelele, anamwomba dereva mmoja kwa jina la mama yake mzazi asogee hatua chache tu.

Mama mkwe alikuwa amenishika kidole gumba, jinsi watoto wachanga wanavyoshika. Pumzi yake ilikuwa na sauti ya mtungi unaojazwa. Nilikuwa nasikiliza pumzi na nasikiliza barabara, na sikujua nitangulize lipi.

Tulisikia honi kutoka mbali. Ililia mfululizo, ikapita kona, ikaingia getini. Koki ya boza haikuwa na lakiri yoyote. Baada ya muda maji yakaanguka ndani ya tangi la hospitali kwa kishindo, ukuta ukatetemeka.

"Amekuja?"

"Amekuja, mama."

"Nilisema mimi."

Lakini maji ya mtoni hayaingii mashineni vile vile. Lazima yapite kwenye mitambo, yachujwe, mashine nayo isuuzwe. Nesi alikuwa akikimbia kati ya vyumba viwili, viatu vikipiga sakafu. Taa ya mashine ilikuwa nyekundu. Niliikodolea macho, nikiisihi moyoni kama mtu. Ilipogeuka kijani niliinama kumwambia. Kidole changu kilikuwa kimeachiwa.

Nesi aliiweka mirija chini taratibu. Akaenda kukinga maji bombani kwa beseni, akaleta na kitambaa.

Mume wangu alipanda ngazi na viatu vilivyolowa, uso bado wa mtu aliyewahi. Alituona. Alichukua kitambaa mkononi mwa nesi, akapiga magoti mwisho wa kitanda, kwenye ile miguu iliyovimba. Alichovya mkono, akautazama.

"Haya ndiyo niliyopita nayo jana," alisema.

Nilimshikia beseni, naye akaanza kuosha.