Binti wa Joan Maddern

Wifi yangu Mehitabel alikuwa na baba, na baba mwenyewe alikuwa shemasi. Hapa Wexcombe hakuna aliyewahi kuuliza zaidi ya hapo. Enoch Rudd na mkewe walishuka melini kutoka Uingereza na mtoto mikononi, wakajenga, wakalima, wakamlea, na walipokufa tukawazika kwa heshima. Kama Mehitabel angefunga mdomo, mpaka leo angekuwa binti wa shemasi. Lakini sisi watu wa koloni hili hatujui kuacha kitu kilale. Jambo dogo likituwasha moyoni tunalikuna mpaka litoke damu, kisha tunasema ni dhamiri.

Aliniambia jikoni, Jumamosi, nikikoroga uji wa mahindi. Mimi ni mjane, naishi kwa kaka yangu Jabez, ambaye ndiye mumewe, kwa hiyo jiko lilikuwa letu sote. Kesho yake alikuwa asimame mbele ya mkutano akiri agano la wazazi wake, ili binti yake Dorcas abatizwe. Kwetu mtoto habatizwi hivi hivi. Lazima mzazi mmoja awe mshirika kamili wa kanisa, au angalau awe alibatizwa utotoni kisha asimame kukiri. Mimi na Jabez tulizaliwa na baba mbishi asiyejiunga na kanisa maisha yake yote, na maji hayo hatukuyaonja. Tumaini lote lilikuwa kwa Mehitabel. Na Dorcas alikuwa anaumwa. Kifua kilikuwa kinamkoroma tangu azaliwe, na kabla yake walikuwa wameshazika wawili.

"Wifi," akasema, "mama Rudd aliniambia neno kabla hajafa."

"Neno gani?"

"Kwamba sikutoka tumboni mwake. Alinipokea melini, kwa mtu mwingine."

Nikaacha kukoroga. "Umemwambia nani tena?"

"Wewe tu."

"Basi liishie kwangu. Kesho simama, itikia, kaa. Watu wameshakuzoea. Hata hiyo pua wanasema ni ya shemasi."

Hakucheka. "Nisimame mbele za Mungu nikiri agano la wazazi wangu, na wazazi wenyewe siwajui?"

"Mungu anawajua. Inatosha."

"Kwangu haitoshi," akasema, akavaa joho lake na kwenda kwa mchungaji. Uji uliungua, maana nilibaki nimesimama kama gogo.

Mchungaji Crewe si mtu mbaya. Ningefarijika kama angekuwa mbaya. Alimsikiliza vizuri, akamwambia ni jambo jepesi: atafute mtu aliyewajua wazazi wake, aje aseme kwamba mtoto alibatizwa Uingereza, parokia yoyote ile, na Jumapili inayofuata Dorcas atapata maji. Hakuwa na shaka, na hata mimi, hasira ziliposhuka, sikuwa nayo. Kule Uingereza hata mwizi amebatizwa. Mehitabel alirudi na uso mwepesi ambao sikuwa nimeuona tangu baridi ianze.

Aliyebaki hai kati ya wale wa meli ile alikuwa Bi Tamsin Yeo, mkunga, anayeishi ng'ambo ya kinamasi cha chumvi. Tukaenda kwa miguu, theluji inayeyuka, tope mpaka kwenye vifundo. Nilimsihi amwache mtoto kwa jirani, akakataa. Alimfunga kifuani ndani ya joho, na njia nzima nilikuwa nasikia ule mkoromo.

Bi Tamsin alikuwa anapukuchua maharage makavu. Hakuinuka.

"Huyu ndiye kile kichanga cha Rudd?" akaniuliza mimi, kana kwamba Mehitabel ni kiti. "Kimenenepa."

"Nimekuja kuuliza kuhusu mama yangu," Mehitabel akasema. "Yule wa kwanza."

"Kwa nini? Huyo wa pili alikunyima chakula?"

"Bi Tamsin, tafadhali. Mtoto anaumwa."

Kikongwe akamtazama Dorcas, akamgusa shingoni kwa kidole, na mzaha ukamtoka usoni. Mikono ile imepokea watoto wengi. Nadhani alijua kila kitu pale pale.

"Aliitwa Joan Maddern," akasema. "Mumewe alifia gerezani London kwa ajili ya dini, naye akapanda meli na wewe mgongoni. Alikuwa mbishi, mama yako. Nahodha alimwogopa. Homa ilimpata katikati ya bahari, na alipoona haponi alikuvisha nguo zake zote za joto, yeye akabaki na shimizi. Nilimgombeza. Akaniambia, mimi naenda pasipo na baridi."

Mehitabel alianza kulia, lakini kulia kwa furaha, kama mtu ambaye ameambiwa alipendwa. Alirudia jina lile kwa sauti ndogo mara kadhaa. Joan Maddern. Joan Maddern. Laiti tungeondoka wakati ule ule.

"Na mimi alinibatiza wapi?" akauliza.

Bi Tamsin akarudi kwenye maharage yake. "Hakukubatiza."

"Hakuwahi?"

"Hakutaka. Mumewe alifungwa kwa jambo hilo hilo. Wao wawili walisema mtoto hanyunyiziwi maji, mtu hubatizwa akikua na kuamini mwenyewe. Aliwaapisha akina Rudd wakiwa wamepiga magoti pale chini, mtoto wangu asiguswe, atachagua mwenyewe. Nao wakaapa, na Rudd hakuwa mtu wa kuvunja kiapo. Walipofika hapa kila mtu alidhani ulishabatizwa kule. Rudd hakudanganya. Hakuulizwa tu."

Mehitabel alikuwa amemshika Dorcas kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika.

"Sikilizeni," Bi Tamsin akasema. "Mimi ni mzee. Mzee husahau. Mchungaji akiniuliza, nitamwambia sikumbuki, labda alibatizwa, labda Plymouth. Nani atanipinga? Samaki?"

"Asante, Bi Tamsin," nikasema haraka. "Tutakushukuru maisha yetu yote."

Njia nzima ya kurudi nilimsihi wifi yangu. Nilimwambia ni neno dogo, na wala halisemi yeye, analisema kikongwe mwenye mguu mmoja kaburini. Nilimwambia amtazame mtoto. Alinijibu mara moja tu: "Nikimpa maji kwa uongo, wifi, nitakuwa nimempa nini?" Tulipofika kijijini hakupitia hata nyumbani. Alienda moja kwa moja kwa mchungaji akamwambia kila kitu, pamoja na ile ahadi ya Bi Tamsin ya kusahau. Nilimchukia siku ile. Nasema wazi, nilimchukia.

Mchungaji Crewe alishika kichwa. Akasema sasa limebaki lango moja tu: Mehitabel mwenyewe abatizwe, kwa imani yake mwenyewe, kama mtu mzima. Na hapo wazee wa kanisa lazima kwanza wamhoji waone kama neema imefika moyoni mwake. Wakaja nyumbani, mchungaji na mzee Purchas, wakaketi jikoni na kofia zao magotini. Dorcas alikuwa mapajani mwangu, anapumua kwa shida. Tangu safari ile ya kinamasi hali yake ilikuwa imezidi.

Mehitabel aliyajibu maswali yote vizuri. Dhambi anaijua, Kristo anamjua, Maandiko anayo kichwani kuliko mzee Purchas. Kisha Purchas akauliza lile swali wanalomwuliza kila mtu.

"Dada, kama ikimpendeza Mungu kumtupa mtoto huyu motoni milele kwa utukufu wake, je, utaridhika na mapenzi yake?"

Nilimkazia macho wifi yangu. Sema ndiyo, mwanamke. Neno moja tu.

"Hapana," akasema. "Siwezi kuridhika."

"Hata kama ni Mungu?"

"Hata kama ni Mungu. Nisamehe, mzee. Nimejaribu."

Purchas akamtazama mchungaji. Wakasema kwa upole kwamba moyo bado una sanamu, na sanamu yenyewe ni mtoto. Watasubiri Bwana afanye kazi yake, na watarudi. Jabez aliwafungulia mlango.

Dorcas alikufa Alhamisi, watu wakiwa kanisani kwenye hotuba ya juma. Tulimzika kama tunavyozika watu wote, bila sala kaburini, bila neno. Mtu mgeni asingejua tofauti kati yake na mtoto wa agano, aliyebatizwa. Mama yake alijua. Mtoto wa agano akifa, mama hubaki na ahadi ya kushikilia. Mehitabel hakuwa na kitu mikononi, na alisimama pale ameiacha mikono wazi.

Majuma yakapita. Alifua, alipika, alikamua ng'ombe. Ukimwuliza anajibu. Wazee wakarudi, wakaketi mahali pale pale, na Purchas akauliza tena, kwa sauti ya huruma kweli kweli, kama sasa ameridhika na alichofanya Mungu.

"Ndiyo," Mehitabel akasema.

"Bila manung'uniko?"

"Bila manung'uniko. Afanye anavyotaka."

Purchas alitokwa na machozi. Mchungaji Crewe alimshika mkono, akasema hajaona kunyenyekea kama huko. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao na nilitaka kupiga kelele. Wale wanaume wawili walikuwa wanatazama nyumba iliyokwisha kuteketea, wanasifu jinsi ilivyotulia. Lakini ningesema nini, wakati yeye mwenyewe alikuwa hajali tena?

Jumapili wanaume waliinua mikono kumkubali, wote. Baridi ilikuwa imerudi, na mchungaji alivunja barafu nyembamba iliyokuwa kwenye beseni, akambatiza mbele ya mkutano, na wanawake wengi upande wetu walilia kwa shangwe. Akarudi benchini kando yangu, maji yanamchuruzika shingoni yanaingia kwenye kola. Nikampa kitambaa changu ajifute.

Hakukipokea.

"Acha, wifi," akasema. "Ni maji tu."